Tashtiti ya Kezilahabi katika Barabara ya Tukuyu

Barabara ya lami inayochepuka kuelekea kusini pale Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, na kuishia mpaka wa Kasumulu kati ya Tanzania na Malawi, humpitisha msafiri katika mandhari tatu zisizofanana ndani ya mwendo wa takriban kilomita 100. Kwanza ni nyanda za baridi za Isongole, zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na zinazolisha masoko ya mbali kwa viazi mviringo. Kisha miteremko ya Rungwe, yenye mvua nyingi, migomba, chai, kahawa na parachichi, ambamo Tukuyu ndiyo makao makuu ya wilaya. Na mwisho bonde la joto la Kyela, lenye mpunga na kakao, kando ya Ziwa Nyasa. Safari inayoelezwa hapa inafanywa katika barabara hiyo pamoja na vitabu vya Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe, upande mwingine kabisa wa nchi, na ambaye riwaya zake hazikuchukua Rungwe kuwa mandhari yake. Sababu ya kuvibeba vitabu hivyo hadi Tukuyu ni kwamba jambo alilolikosoa kwa ukali kuliko yote, yaani utawala unaowaamrisha watu kuishi pamoja bila kuwasikiliza, linaonekana kwa uwazi wa pekee katika nchi ya Wanyakyusa, watu ambao walikuwa wamejenga desturi ya kuishi pamoja kwa hiari muda mrefu kabla ya serikali yoyote kuwatungia sera ya vijiji.

Tashtiti ni uandishi unaokosoa uovu au upumbavu wa jamii kwa kuukuza, kuuchekesha au kuuvisha sura ngeni, ili msomaji aliyekwisha kuuzoea auone upya na auchukie. Katika fasihi ya Marekani tawi hili lina majina makubwa, kama Mark Twain, ambaye mwaka 1905 alichapisha kijitabu kilichomfanya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ajitetee mwenyewe kuhusu ukatili wa Kongo, na utetezi huo ukageuka ushahidi dhidi yake. Au Joseph Heller, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1961, Catch-22, aliwachora marubani wa vita wanaofungwa na kanuni isiyo na mlango, kwa kuwa anayeomba kuachishwa kazi kwa sababu ya wazimu huhesabiwa kuwa na akili timamu kwa vile ameomba. Katika Kiswahili, riwaya iliyofungua njia hii ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951 wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Uingereza. Humo mshtakiwa Karama, anayesakamwa na Waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akatiwa gerezani kwa ajili ya maarifa hayo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba tashtiti ya Kiswahili ilianza na habari za wasafiri, na kwamba wasafiri hao waliadhibiwa na nchi yao wenyewe waliporudi, ilhali hatari za njiani walizishinda.

Kezilahabi alikuwa mwanafunzi wa moja kwa moja wa urithi huo. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, akasoma katika shule za misheni na seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1970, na baada ya kufundisha sekondari kwa muda mfupi alirudi chuoni hapo kuwa mhadhiri, akaandika tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Hata hivyo njia yake ilikuwa nyingine. Shaaban Robert aliujenga ulimwengu wa kuwazika tu, wenye majina ya sifa na tabia, na haki ikashinda mwishoni. Kezilahabi aliuchukua ulimwengu uliokuwepo, wenye vilabu vya pombe, mabweni ya shule, ofisi za wilaya na mikutano ya hadhara, na hakumwahidi msomaji ushindi wa mtu yeyote. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975 na Gamba la Nyoka 1979. Riwaya nne katika miaka minane, pamoja na diwani ya Kichomi ya mwaka 1974 iliyozua mjadala mkali juu ya ushairi usio na vina, ni kazi ya mtu aliyeona kwamba muda wa kusema haukuwa mrefu.

Kutoka Isongole barabara huteremka hadi Kiwira, na hapo Mlima Rungwe, volkano iliyolala yenye urefu wa karibu mita 2,960, hutawala upande wa mashariki kila wingu linapofunguka. Udongo wa majivu ya volkano na mvua ambayo katika baadhi ya sehemu hupita milimita 2,000 kwa mwaka vimeifanya nchi hii kuwa ya kijani mwaka mzima, na vimeifanya pia kuwa ya watu wengi. Msafiri aliyezoea vijiji vya Tanzania ya kati, ambavyo nyumba zake hupangwa kwa safu kando ya barabara na mashamba yakawa mbali, huona hapa mpangilio mwingine: nyumba zimo ndani ya migomba, zizi la ng'ombe wa maziwa liko hatua chache kutoka jikoni, samadi inarudi moja kwa moja kwenye mashina, na mpaka kati ya kaya moja na nyingine mgeni hauoni hata akionyeshwa. Ukulima wa namna hii hauhamishiki. Mgomba uliotunzwa vizazi vitatu, mbuni unaosubiri miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na shamba la chai ambalo mkulima mdogo hulichuma kwa miongo mingi, vyote hivyo vimemfunga mtu na mahali pake kwa namna ambayo ramani iliyochorwa ofisini haiwezi kuionyesha.

Mtu aliyeichunguza nchi hii kwa kina zaidi katika enzi ya ukoloni ni Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini ambaye, pamoja na mumewe Godfrey Wilson, alifanya utafiti kati ya Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, na mwaka 1951 akachapisha kitabu chake kikuu, Good Company, kuhusu kile alichokiita vijiji vya rika. Rika ni kundi la watu waliozaliwa katika kipindi kimoja. Wavulana wa Kinyakyusa, walipofika umri wa miaka kumi hivi, waliacha kulala kwa baba zao, wakaenda ukingoni mwa kijiji kujijengea vibanda vyao. Mchana waliendelea kuchunga ng'ombe wa wazazi na kula kwa mama zao, wakizunguka kwa pamoja kutoka jiko la mama mmoja hadi jiko la mama mwingine. Kadiri walivyokua vibanda vikawa nyumba, wake waliolewa humo, na baada ya miaka mingi ilifanyika sherehe kubwa ya makabidhiano, iliyojulikana kwa jina la ubusoka, ambayo kwayo kizazi cha baba kilikabidhi uongozi na kukisogezea ardhi kizazi cha wana. Lengo la maisha hayo, kwa maneno ya Wanyakyusa wenyewe, lilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula na kunywa pamoja, kuzungumza na kusikilizana kama walio sawa. Kumbukumbu za Wilson zinaonyesha kwamba neno hilo lilikuwa na uzito wa sheria: mtu aliyekula peke yake, au aliyejitenga na wenzake wa rika, alihesabiwa kuwa amekosa adabu ya msingi kabisa ya ubinadamu.

Adhabu ya kosa hilo ndiyo inayomvutia zaidi msomaji wa tashtiti. Wanyakyusa waliamini kwamba manung'uniko ya majirani waliokerwa kwa haki humfikia mkosaji mwilini mwake kama ubaridi, akaugua homa au akapooza, na Wilson aliieleza imani hiyo kuwa ni pumzi ya watu. Nguvu hii haikumwogopa mkubwa. Chifu aliyekuwa mchoyo, aliyewadharau wazee wa kijiji au aliyevunja desturi ya kugawana nyama, aliweza kupigwa na pumzi hiyo kama mtu mwingine yeyote, na tiba yake ilikuwa kukiri kosa hadharani na kuwalisha wale waliomnung'unikia. Mwenye kuamini na asiyeamini wanaweza kukubaliana kwamba huu ulikuwa utaratibu wa kisiasa uliokamilika: manung'uniko yalikuwa na mahali, yalikuwa na uhalali, na yalimlazimu mtawala kusikiliza. Kinachofanywa na tashtiti katika jamii ya vitabu ni kazi ileile, ya kuyapa manung'uniko ya wengi sura inayoweza kumfikia mkubwa, na huenda ndiyo maana tawala nyingi huiogopa kuliko hoja zilizopangwa kwa utulivu.

Tukuyu yenyewe, iliyo takriban kilomita 70 kutoka Mbeya, ni mji ulioanza kama mahali pa kutolea amri. Wamisionari Wamoravian na wa Berlin walikuwa wameingia nchini mwaka 1891, Wamoravian wakajenga kituo chao chini ya Mlima Rungwe. Baada yao serikali ya Kijerumani ikajenga boma, yaani ngome iliyokuwa pia ofisi ya utawala, na kuuita mji huo Neu Langenburg. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey yaliuteka mwezi Mei 1916. Kilichofuata kilifanana na mahali pengi: kodi, machifu waliofanywa kuwa watumishi wa serikali, vijana waliokwenda kutafuta fedha katika dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini, na kahawa iliyoifanya ardhi kuwa mali ya kugombaniwa. Kufikia miaka ya 1950 vijiji vya rika vilikuwa vinakwisha, kwa kuwa baba mwenye mibuni hakuwa tayari kuondoka shambani ili kuwapisha wana. Desturi hiyo haikufa kwa amri. Ilibanwa na uhaba wa ardhi na bei ya kahawa, na ni muhimu jambo hili likumbukwe ili nchi ya Rungwe isipambwe kama bustani ya usawa iliyoharibiwa siku moja na watu wa nje.

Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwezi Septemba mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere akatoa maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, akisisitiza kwamba watu wataingia katika vijiji hivyo kwa hiari baada ya kuelewa. Mwezi Novemba 1973 hiari iliondolewa, kuishi vijijini kukatangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikaanza. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 kuwa wakazi wa vijiji. Katika nchi za milimani zenye watu wengi na mazao ya kudumu, kama Kilimanjaro, Bukoba na sehemu kubwa ya Rungwe, uhamishaji wa nguvu haukuwa mkubwa kama kwingineko, kwa sababu watu walikuwa tayari wamesongamana na migomba isingeweza kubebwa, hivyo mara nyingi kijiji kilipatikana kwa kuandikisha nyumba pale pale zilipokuwa. Mahali palipokuwa na nafasi, mvua chache na mazao ya msimu, malori yalifika, nyumba zikabomolewa au kuchomwa, na watu wakashushwa katika viwanja vilivyopimwa kwa haraka.

Gamba la Nyoka ndiyo riwaya ya malori hayo. Mandhari yake inafanana na Ukerewe. Wanakijiji wa Kisole wanakataa kuhamishwa, nguvu inatumika, damu inamwagika, na majirani zao wa Bucho wanajikuta katika mpango uleule. Katika kazi ya kuujenga ujamaa wanaingia Mambosasa na Mamboleo, vijana waliotoka chuo kikuu, wenye msamiati wote wa mapinduzi na mwenendo wa mabwana wapya. Kezilahabi anawachora kwa undani unaouma: wanajua kusema juu ya unyonyaji, na wanajua pia kula kwa jasho la wengine. Kichwa cha riwaya kinaelekeza kwenye tabia ya nyoka ya kuvua gamba la zamani na kuvaa jipya huku akibaki nyoka, na shabaha hiyo inapiga pande mbili, kwa kuwa mwandishi anauliza kama viongozi wamebadilika kwelikweli, na anauliza pia kama mkulima aliyehamishwa kwa bunduki anaweza kubadilika moyoni kwa sababu nyumba yake imebadilishwa mahali. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa na kutoonyesha njia. Lawama hiyo haimtendei haki. Mtu anayeonyesha kwamba kijiji kimekufa masikio kwa sababu hakuna aliyekiuliza swali, tayari ameonyesha njia, na msomaji anayeisoma riwaya hiyo akiwa Rungwe anaielewa haraka, kwa maana hapa panajulikana kuwa watu wanaweza kuishi pamoja, kulima pamoja na kugawana chakula kwa karne nyingi bila katibu kata wa kuwahesabu.

Mfano wa kutisha zaidi ulitokea katika mkoa ambao msafiri wa kutoka Dar es Salaam lazima aupitie kabla ya kufika Mbeya. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, mkulima mkubwa Saidi Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa amefika shambani kwake katika kusukuma mbele ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa na kunyongwa. Miaka minne baadaye ilichapishwa Dunia Uwanja wa Fujo, ambayo shujaa wake Tumaini, kijana aliyetapanya urithi, akazunguka, kisha akajirekebisha na kuwa mkulima tajiri, anaona shamba lake likichukuliwa, anamuua mkuu wa wilaya na kuhukumiwa kifo. Mfanano huo hauwezi kupita bila kuonekana. Uzito wa riwaya, hata hivyo, uko katika kukataa kumfanya Tumaini kuwa shujaa safi au mkuu wa wilaya kuwa shetani: wote wawili ni watu wadogo waliowekwa katika uwanja wa fujo, mmoja ameshika bunduki na mwingine ameshika waraka, na hakuna kati yao aliyepata nafasi ya kunung'unika na kusikilizwa kabla ya damu. Mahali ambapo pumzi ya watu imezibwa, riwaya inasema, sauti inayofuata ni ya risasi.

Rungwe ina ushahidi wake juu ya tabaka la wenye nyaraka. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 watafiti wawili wa Kiholanzi, P. M. van Hekken na H. U. E. Thoden van Velzen, walifanya kazi wilayani humu, na mwaka 1972 wakachapisha uchunguzi wao juu ya uhaba wa ardhi na tofauti za kipato vijijini. Thoden van Velzen alieleza pia jinsi watumishi wa serikali waliopelekwa vijijini, yaani mabwana shamba, makatibu na maofisa wengine, walivyoingia katika urafiki wa kufaana na wakulima wenye uwezo: wakulima hao waliwapa chakula, pombe na ukarimu, nao wakapata upendeleo katika ushauri, pembejeo na maamuzi, huku maskini wakibaki kuwa watu wa kuhutubiwa. Hili lilionwa shambani kabla ya Gamba la Nyoka kuandikwa, na linaifanya picha ya Mambosasa na Mamboleo isiwe chuku tena. Linaonyesha pia mahali ambapo uchunguzi unapita riwaya, maana Kezilahabi alimwona zaidi mtawala anayetoka nje, ilhali Rungwe ilionyesha kwamba mtawala huyo humkuta mwenyeji tajiri akimsubiri na kiti kimeshafutwa vumbi. Katika hadithi fupi ya mwaka 1978, Mayai Waziri wa Maradhi, Kezilahabi alisogea juu zaidi, hadi nyumbani kwa waziri ambaye wizara yake imepewa jina la kile inachopaswa kukiondoa, na hapo hasira yake dhidi ya wakubwa wanaonenepa kati ya wagonjwa haikufunikwa kwa kitu chochote.

Kazi iliyokwenda mbali kuliko zote ni tamthiliya, Kaptula la Marx, aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1970. Rais Kapera na mawaziri wake wanafunga safari kwenda kuitafuta nchi ya Usawa, wakiwa wamevaa kaptula za Karl Marx zisizowaenea, na njia nzima inakuwa kuzishikilia zisianguke. Ni safari ya wajumbe wa Kusadikika iliyogeuzwa: Shaaban Robert aliwatuma wasafiri wenye hekima wakarudi kufungwa na wajinga, naye Kezilahabi amewaweka watawala wenyewe njiani, wakiwa wamefungwa na vazi walilolichagua. Tashtiti hapa haiushambulii usawa, na jambo hili linafaa kusisitizwa kwa sababu tamthiliya imewahi kusomwa kama dhihaka kwa ujamaa wote. Wanaochekwa ni watu wanaoutafuta usawa katika nguo ya mtu mwingine huku wakiwapita njiani wananchi ambao tayari wana maarifa yao juu ya kugawana. Tamthiliya hiyo ilisomwa na kuigizwa kwa miaka mingi katika nakala zisizo rasmi kabla ya kuchapishwa na Dar es Salaam University Press mwaka 1999, mwaka aliofariki Mwalimu Nyerere.

Ucheleweshaji huo haukuwa wa kwanza katika maisha ya mwandishi. Rosa Mistika, iliyoandikwa akiwa bado kijana, ilizuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ilieleza bila kificho maisha ya msichana anayelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, kisha anaharibikiwa mara tu anapotoka mikononi mwake na kuingia mikononi mwa walimu na wakubwa wanaomtamani. Walioizuia waliogopa kwamba kitabu kingewafundisha wasichana uasherati, ilhali kilikuwa kinawashitaki wanaume waliokuwa wakiwafundisha. Marekani ilikuwa na historia yake ya namna hiyo: mwaka 1885 maktaba ya mji wa Concord iliiondoa Huckleberry Finn ya Twain kwenye rafu zake, na mwaka 1973 bodi ya shule ya mji mdogo wa Drake, katika jimbo la North Dakota, iliamuru Slaughterhouse-Five ya Kurt Vonnegut ichomwe moto. Rosa Mistika baadaye iliruhusiwa, ikaingia katika orodha za vitabu vya fasihi, na vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini, wa Rungwe wakiwamo, viliichambua kwa ajili ya mtihani. Namna hiyo ya usomaji imeifikisha mikononi mwa maelfu, lakini imeigeuza pia kuwa maswali ya dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, na mwanafunzi anayeweza kutaja dhamira tano za riwaya bila kuhisi hasira yake amenyimwa kitabu akiwa amekishika.

Baada ya Tukuyu barabara huteremka kwa kasi, chai ya Katumba na Kyimbila ikibaki nyuma, joto likipanda, hadi Kyela, wilaya iliyokuwa sehemu ya Rungwe kabla ya kugawanywa katika miaka ya 1970. Nchi hii ya chini imetoa mwandishi wake wa tashtiti, Harrison Mwakyembe, aliyechapisha riwaya ya Pepo ya Mabwege mwaka 1981 akiwa kijana, kisha akafuata sheria na siasa: alichukua shahada ya uzamivu Hamburg, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mbunge wa Kyela kuanzia 2005 na waziri katika wizara kadhaa. Aliongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na taarifa ya kamati hiyo ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwezi Februari 2008. Wasomaji wengi wanaolijua jina lake katika siasa hawajui kwamba limo pia katika historia ya riwaya ya Kiswahili, na ni hasara kwamba kitabu hicho ni kigumu kupatikana kuliko magazeti yaliyoandika habari za kamati, kwa kuwa miaka ya mwanzo ya 1980 haina mashahidi wengi walioandika kwa kejeli na kwa lugha ya taifa.

Kezilahabi mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda mbali wakati huo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, alikopata shahada nyingine ya uzamili mwaka 1982 na ya uzamivu mwaka 1985, kwa tasnifu iliyohoji desturi ya kuifasiri fasihi ya Kiafrika kwa vipimo vya falsafa ya Magharibi. Yaliyofuata ni Nagona na Mzingile, riwaya fupi za miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, ambazo hazina tena wakuu wa wilaya wala malori. Ndani yake kuna msafiri asiye na jina anayetafuta ukweli katika nchi iliyokufa, na wasomaji waliomzoea Kezilahabi wa vijiji waliona kwamba amewaacha. Hukumu hiyo imekosea. Safari ya Nagona inaendeleza ile ya Kapera, ikiwa imevuliwa kaptula na vyeo vyote, na swali lililobaki ni kama mtu anaweza kuujua ukweli akiwa peke yake, swali ambalo Mnyakyusa wa zama za Wilson angelijibu bila kusita kwamba hawezi. Mwaka 1995 Kezilahabi alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko kwa miaka mingi, akachapisha diwani yake ya tatu, Dhifa, mwaka 2008, na akafariki tarehe 9 Januari 2020 mjini Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 75.